p16 imetoka kahawia: je, hiyo ndiyo chanya?

Kwenu wana safu,

Salaam. Mimi ni fundi sanifu katika maabara ya histolojia ya hospitali. Nakata bloku za tishu zilizozamishwa kwenye nta, napaka rangi ya kawaida ya bluu na waridi iitwayo H&E, na siku hizi napaka pia kingamwili za p16 na Ki-67, protini mbili zinazohusu mgawanyiko wa seli, kwenye vipande vya mlango wa kizazi. Daktari wetu wa patholojia ni mmoja na huja kwa zamu, kwa hiyo maswali ya kliniki hunifikia mimi kwanza.

Kuna mashauri matatu yameleta mtafaruku. La kwanza ni la dada wa miaka 27 ambaye bado hajazaa. H&E yake ilisomwa CIN1 (mabadiliko ya seli ya daraja la chini; CIN2 na CIN3 ni mazito zaidi) bila ubishi, kisha mtu akaagiza p16, nayo ikatoka kahawia iliyokolea. Ripoti ikaandikwa "CIN1, p16 chanya". Kliniki ikaliona hilo neno "chanya", ikampangia LEEP, yaani kukata sehemu ya mlango wa kizazi kwa waya wa umeme. La pili ni la mama wa miaka 61: epithelia (tabaka la seli la juu ya uso) imesinyaa, viini vya seli vimebanana na vimekolea, na p16 imetoka mabaka mabaka. Kwenye daftari niliandika "chanya 2+". La tatu ni kipande chenye tezi za sura mbaya. p16 ilitoka hasi kabisa, na mgonjwa akaambiwa hana tatizo.

Juu ya hayo, rangi yenyewe hainiridhishi. Tonsili ya kontroli, yaani ya kulinganishia, hutoka safi kila mara, lakini vipande vya wagonjwa wengine hukolea pembeni na kufifia katikati. Bosi anasema dawa ni kupaka p16 kwa kila kipande cha mlango wa kizazi ili tusikose kitu. Ana haki? Na sasa tunaombwa tupake p16 na Ki-67 kwa pamoja kwenye seli za kipimo cha Pap. Tuanzie wapi?

Fundi wa Slaidi

*

Ndugu Fundi,

Tuanze na pendekezo la bosi wako, maana likijibiwa hilo mengine yanafunguka. p16 kwa kila kipande itawaongezea makosa. Mwaka 2012 Chuo cha Wanapatholojia cha Marekani pamoja na ASCCP, chama cha huko cha wataalamu wa kolposkopi (kukagua mlango wa kizazi kwa lenzi), vilitoa mwongozo unaojulikana kama LAST, na p16 ikapewa humo nafasi finyu kwa makusudi. Hupakwa pale msomaji wa H&E anaposita kati ya mabadiliko ya daraja la juu, yaani HSIL, na kitu kinachoyaiga: metaplasia changa (seli zinazobadilika aina), epithelia iliyosinyaa, epithelia inayojitengeneza baada ya kuchubuka, au kipande kilichokatwa mshazari. Hupakwa msomaji anapofikiria kuandika CIN2. Hupakwa wasomaji wawili wakitofautiana na mmoja wao anaona daraja la juu. Na hupakwa pale kipande kinaposomeka CIN1 au salama ilhali kipimo kilichotangulia kilikuwa kizito: HSIL, ASC-H (seli zinazotia shaka ya HSIL), seli za tezi zenye shaka, au ASC-US (seli zisizo za kawaida zenye maana isiyojulikana) yenye HPV 16, aina ya kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi.

Nje ya hapo, yaani H&E ikiwa safi, au CIN1 iliyo wazi, au CIN3 iliyo wazi, mwongozo unasema msipake. Sababu si ubahili wa vitendanishi. CIN1 nyingi hutoa p16 chanya na jibu hilo halizipandishi daraja. Linamshtua tu anayelisoma, kama lilivyomshtua daktari wa yule dada. Upande wa pili kuna CIN3 chache ambazo hutoka hafifu, zikamfanya msomaji ashushe kitu alichokuwa amekiona vizuri kwa macho yake.

Kwa nini iwe hivyo? HPV za hatari, hasa aina ya 16 na 18, hutengeneza protini mbili zinazoharibu seli. E6 huiangamiza p53, protini inayoilinda seli. E7 huishika pRb na kuiondoa kazini. pRb ndiyo inayozifungia protini za kundi la E2F ili seli isijigawe ovyo, na ndiyo pia inayoifanya jeni ya CDKN2A itoe p16 kidogo tu. pRb ikitolewa, mambo mawili hutokea kwa mpigo: seli inaanza kujigawa, na p16 inafurika. Kazi ya p16 ni kusimamisha mgawanyiko kwa kuvizuia vimeng'enya vya CDK4 na CDK6, lakini amri hiyo hupitia kwa pRb, ambayo sasa haipo. Ni breki iliyokanyagwa hadi chini huku waya wake umekatika. Katika seli isiyo na hitilafu, p16 ikipanda seli husimama. Katika seli iliyotekwa na E7, p16 imejaa na mgawanyiko unaendelea.

Basi p16 haipimi saratani, wala haimpimi kirusi mwenyewe. Inaonyesha kwamba njia ya pRb imevunjwa. Katika maambukizi ya kawaida ambayo mara nyingi mwili huyaondoa wenyewe, kirusi hufanya kazi yake kubwa kwenye seli za tabaka za juu. Katika HSIL, E6 na E7 huzalishwa kwa wingi tangu seli za chini kabisa. Hapo ndipo kanuni ya kusoma ilipotoka.

Kanuni yenyewe haina misalaba, kwa hiyo hiyo "2+" ifute. p16 ya epithelia bapa ni chanya pale rangi inapokuwa kali, ipo kwenye kiini au kwenye kiini pamoja na sitoplazimu, imeshika safu ya chini mfululizo bila mapengo, na imepanda juu angalau theluthi moja ya unene wa epithelia. Vyote vinne viwepo. Mabaka, seli moja moja, madimbwi ya rangi huku na huku, sitoplazimu peke yake bila viini, au rangi ya tabaka za juu huku safu ya chini ikiwa tupu: hayo yote ni hasi, hata kahawia iwe kali namna gani. Usiandike "chanya kidogo" wala "chanya ya mabaka". Andika "hasi (mabaka)", maana daktari wa kliniki huliona neno la kwanza na kuliacha la pili.

Anza na lenzi ya 4. Mfululizo wa kweli huonekana kutoka mbali kama utepe. Ukijikuta unahamia lenzi ya 40 kutafuta ushahidi, uwezekano mkubwa ni kwamba utepe haupo. Zitabaki slaidi za katikati, kwa mfano safu ya chini imekolea mfululizo lakini haifiki theluthi, au rangi imejaa unene wote lakini ni hafifu. Hizo usizilazimishe. Angalia kontroli, kata ndani zaidi ya bloku, paka upya H&E, p16 na Ki-67 kwa kufuatana, kisha omba jicho la pili. Zikibaki na utata, ripoti iseme hivyo.

Sasa mashauri yako.

Dada wa miaka 27 ana LSIL, yaani mabadiliko ya daraja la chini au CIN1, na anafuatiliwa kama mwenye LSIL. p16 yake haikupaswa kuagizwa, na kwa kuwa imeshapakwa, haipandishi daraja. Jambo moja tu liulizwe kabla ya kufunga faili: je, ile CIN1 "bila ubishi" ilikuwa kweli bila ubishi? Daktari wa patholojia airudie H&E iliyo jirani na p16, mahali palepale penye utepe. Kama viini vibaya na seli zinazojigawa vimebaki theluthi ya chini, na juu kuna seli zenye halo za HPV, ni CIN1 na mjadala umekwisha. Kama vinapanda theluthi ya kati, basi aliyekuwa anafikiriwa ni CIN2, na hapo p16 ina uzito: chanya huipeleka HSIL, hasi huirudisha LSIL au kitu kisicho na ugonjwa.

Hata ikigeuka kuwa HSIL, ripoti iandike "HSIL (CIN2)" na si HSIL peke yake. Tunalisisitiza hili kwa sababu maabara nyingi huliona kama urembo. Kwa wanawake wanaofuatiliwa bila kukatwa, karibu nusu ya CIN2 hurudi nyuma ndani ya miaka 2, na kwa walio chini ya miaka 30 sehemu hiyo ni kubwa zaidi. LEEP nayo huondoa tishu na huongeza uwezekano wa kujifungua kabla ya wakati. Mwanamke anayetaka kuzaa na daktari wake wana haki ya kujua kama ni CIN2 au CIN3, ndipo waamue kukata au kufuatilia kwa karibu.

Mama wa miaka 61 ni shauri ambalo p16 ilitengenezewa. Homoni zikishuka, epithelia hukonda, seli hubaki changa hadi juu, viini hubanana na kuonekana vimekolea, na HSIL inaigwa vizuri sana. p16 ya mabaka ni hasi. Mpakie na Ki-67, hapa inasaidia kuliko mahali pengine popote: epithelia iliyosinyaa haijigawi, kwa hiyo Ki-67 huwa chache mno na zimebaki chini, ilhali HSIL huwa na viini vyenye Ki-67 hadi theluthi ya juu. p16 hasi na Ki-67 kidogo vikikubaliana, hiyo ni epithelia iliyosinyaa. Vikipingana, msiandike lolote kabla ya kukata upya.

Ila Ki-67 isipewe kazi isiyoiweza. Inaonyesha seli zilizo kwenye mgawanyiko, na seli hujigawa kwa sababu nyingi zisizo za HPV. Epithelia yenye uvimbe au inayojiponya hupandisha Ki-67 kwenye safu za chini. Limfositi zilizopenya ndani ya epithelia hukolea pia na msomaji mwenye haraka huzihesabu kama seli za ugonjwa. Kipande kilichokatwa mshazari huonyesha safu za chini kama vile zimejaza unene wote. Kwa hiyo Ki-67 iliyopanda ikiwa na p16 hasi haitoshi kuitwa HSIL.

Shauri la tatu ndilo linalotutia wasiwasi, na tungependa lishughulikiwe kwanza. Kwenye tezi, p16 hasi haimwondolei mtu ugonjwa. Shirika la Afya Duniani, katika uainishaji wake wa 2020, linazigawa saratani za tezi za mlango wa kizazi makundi mawili: zinazotokana na HPV na zisizotokana nayo. Za kundi la kwanza, pamoja na hatua yake ya awali iitwayo AIS, karibu zote hukolea p16 kwa ukali seli baada ya seli, na Ki-67 huwa juu. Za kundi la pili, hasa ile inayofanana na tezi za tumbo, kwa kawaida hutoa p16 hasi au mabaka, na kipimo cha HPV hutoka hasi vilevile. Vipimo vyote viwili vinaweza kuwa hasi na saratani ipo. Aina hiyo ya tumbo mara nyingi hupoteza vipokezi vya estrojeni na projesteroni, hutoa MUC6 (protini ya ute), na katika visa vingi p53 hukolea isivyo kawaida au hutoweka kabisa. Kama tezi zina sura mbaya kwenye H&E, sura hiyo ndiyo inayoongoza. Mgonjwa aitwe, bloku ipelekwe kwa daktari wa patholojia mwenye uzoefu wa magonjwa ya wanawake ikiwa na H&E zote, na kingamwili hizo zipakwe.

Kuna mitego miwili zaidi upande wa tezi. Tezi zilizobadilika zikafanana na za mirija ya uzazi hutoa p16 ya mabaka, yaani seli moja imekolea na jirani yake haina kitu, na zina vinyweleo juu, Ki-67 chache na vipokezi vya estrojeni vimebaki. Hizo hazina ubaya ingawa kwa haraka zinafanana na AIS. Mtego wa pili ni kinyume chake: saratani ya aina ya sirasi kutoka ndani ya mji wa mimba hutoa p16 kali mfululizo bila HPV yoyote, kwa njia nyingine kabisa. Kipande kidogo kilichochotwa kwenye mfereji wa mlango wa kizazi kinaweza kuwa kimeibeba. Hapo huhitajika p53, vipokezi vya estrojeni, na ikipatikana, kipimo cha kutafuta RNA ya E6 na E7 ndani ya seli zenyewe.

Turudi kwenye benchi lako, maana malalamiko ya "pembeni imekolea, katikati imefifia" yana maana mbili tofauti na dawa zake hazifanani.

Tazama stroma, yaani tishu iliyo chini ya epithelia. Kama pembeni kila kitu kimekuwa kahawia, stroma, kolajeni na hata nafasi tupu, basi slaidi ilikauka au maji ya kingamwili yalikusanyika ukingoni. Hilo ni kosa la kupaka. Kama pembeni seli zimekolea inavyopaswa, stroma ni safi, lakini katikati seli zilezile zimepauka, tishu haikuiva kwenye fomalini. Fomalini huingia takriban milimita 1 kwa saa, lakini kuingia si kufanya kazi. Kuunganisha protini huchukua saa nyingi zaidi. Kipande kikitolewa mapema, alkoholi ya mashine ndiyo huimalizia ile sehemu ya katikati, na tishu iliyoivishwa kwa alkoholi hujibu tofauti na iliyoivishwa kwa fomalini. Vipande vya LEEP ndivyo vinavyoumia zaidi kwa sababu ni vinene. Ukingo wao pia huungua kwa umeme wa waya, viini vikarefuka na rangi ikashika hovyo. Ukingo ulioungua usisomwe p16.

Tonsili yako haiwezi kukuonya juu ya hili. Iliivishwa vizuri ndani ya maabara, ilhali kipande cha mgonjwa kilitiwa kliniki kwenye chupa ya fomalini isiyojulikana umri, pengine kidogo mno, pengine maji ya chumvi. Kontroli ya nje hupima kingamwili na hatua zako. Haipimi safari ya kipande. Dawa ni kontroli ya ndani, na Ki-67 inakupa ya bure: seli za safu ya pili na ya tatu kutoka chini, pamoja na limfositi za kwenye stroma, lazima zioneshe viini kadhaa vilivyokolea. Kwa aliyesinyaa epithelia tegemea limfositi. Ki-67 ikiwa imekufa mahali pote, hata kwenye limfositi, p16 hasi ya kipande hicho si jibu. Epithelia ya kawaida haina p16 ya kutegemewa kwa kazi hii, ndiyo maana tunaipakia Ki-67 jirani.

Kliniki wape utaratibu ulioandikwa na kubandikwa: fomalini yenye bafa ya asilimia 10, ujazo mara 10 hadi 20 ya kipande, kipande kiingie mara tu kinapotolewa, saa ya kuingia iandikwe kwenye fomu, na kikae kati ya saa 6 na 72. LEEP ifunguliwe na kukatwa vipande kabla ya kuiva kwake kukamilika, visizidi milimita 3 kwa unene.

Kwenye mikrotomu, kata mikromita 3 hadi 4. Ukipita 5, seli hulaliana na p16 ya mabaka huanza kuonekana kama utepe. Hapa kuna jambo ambalo maabara nyingi hulijua baada ya kupoteza kidonda: usingoje daktari aagize p16 ndipo urudishe bloku. Kila ukiirudisha, unanyoosha uso wake upya na kutupa mikromita nyingi, na kipande cha biopsi kina milimita 2 au 3 tu. Unapokata viwango vya H&E mara ya kwanza, okota vipande viwili au vitatu vya akiba kati ya kiwango na kiwango, uviweke kwenye slaidi zenye chaji, uviandike namba ya kiwango. p16 ikiagizwa, inapakwa kwenye kipande kilicho jirani na H&E yenye shaka. Akiba hiyo isikae miezi mahali penye joto; Ki-67 ni miongoni mwa za kwanza kufifia.

Hatua za kupaka kwa mkono, kwa kingamwili ya p16 ya kloni ya E6H4 ambayo ndiyo imechunguzwa zaidi kwa kazi hii, huenda hivi. Kausha slaidi kwa nyuzi 60 kwa saa 1. Toa nta kwa zailini, shuka kwenye alkoholi hadi maji. Fufua antijeni kwenye Tris-EDTA ya pH 9: gramu 1.21 za Tris na gramu 0.37 za EDTA kwa lita 1 ya maji yaliyotoneshwa, rekebisha pH, ongeza mililita 0.5 za Tween 20. Bafa ifike kwanza nyuzi 95 hadi 99, ndipo slaidi ziingie kwa dakika 20 hadi 40 kadiri ulivyothibitisha kwako. Ukiwa kwenye miinuko, kumbuka maji huchemka mapema. Kuanzia kama mita 1,500 hutafika hata nyuzi 96 kwenye sufuria wazi, kwa hiyo tumia sufuria ya mvuke wa shinikizo na upange muda wake upya. Baada ya hapo ziache zipoe ndani ya bafa ileile dakika 20. Ukizichomoa za moto hewani, maji hukauka kwa sekunde na ule ukingo wa kahawia unaoulalamikia huzaliwa hapohapo.

Zuia peroksidezi kwa haidrojeni peroksidi ya asilimia 3, dakika 5 hadi 10. Osha kwa bafa ya TBS yenye Tween. Zungushia tishu kwa kalamu ya nta, weka kingamwili mikrolita 100 hadi 200, ifunike tishu yote, dakika 30 ndani ya kisanduku chenye unyevu kilichosawazishwa. Kama kingamwili ni ya kuchanganya mwenyewe, jaribu 1:50, 1:100, 1:200 na 1:400 kwenye bloku moja, uchague ile inayoipa HSIL rangi kali huku stroma ikibaki safi. Osha, weka polima yenye HRP (kimeng'enya kinachoamsha rangi) kwa dakika 30 au kadiri ya maelekezo yake, osha, kisha DAB, kemikali inayotoa kahawia, iliyochanganywa muda huohuo kwa dakika 5 hadi 10. DAB inashukiwa kusababisha saratani, vaa glavu na usiimwage sinki. Hematoksilini dakika 1 inatosha. Ikizidi, bluu huimeza kahawia ya kwenye viini.

Kontroli iwe kwenye slaidi ileile ya mgonjwa. Ukisema tonsili "imetoka safi", angalia sehemu zinazotakiwa: epithelia ya ndani ya vishimo iwe na seli zilizokolea, seli zilizotawanyika katikati ya vifundo vya limfu ziwe na rangi, epithelia ya juu ya uso na limfositi nyingi ziwe tupu. Vishimo vikikolea lakini katikati ya vifundo pakiwa patupu, kipimo chako ni dhaifu ingawa kwa mtazamo wa haraka kinapendeza. Ongeza kipande cha HSIL kinachojulikana na slaidi moja ya mgonjwa isiyowekewa p16 bali kingamwili ya panya isiyolenga chochote. Kabla ya kutoa ripoti kwa kloni mpya au hatua mpya za kupaka, pima bloku 10 chanya na 10 hasi zilizosomwa tayari mahali pengine. Makubaliano yasipungue asilimia 90.

Bloku ikiwa imekwisha na H&E peke yake ndiyo imebaki, slaidi hiyo yaweza kufunguliwa, kuondolewa rangi kwa alkoholi yenye asidi na kupakwa p16. Hufaulu ikiwa tishu ilishikwa kwenye slaidi yenye chaji. Kwenye slaidi ya kawaida huelea wakati wa kuchemsha. Ipigeni picha kwanza.

Kuhusu kupaka mbili pamoja kwenye seli za Pap: tunashauri msianze nayo mpaka tishu zitulie. Kipimo hiki kiliidhinishwa na FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, mwaka 2020 kwa ajili ya kuchuja wanawake waliokutwa na HPV, waamuliwe nani aende kolposkopi. p16 hutoka kahawia, Ki-67 nyekundu kwenye kiini. Seli moja tu ya epithelia yenye zote mbili inatosha kuwa chanya, bila kujali sura yake, kwa sababu ya ule mgongano wa breki na mwendo. Urahisi huo unadanganya. Seli mbili zilizolaliana, moja ina p16 na nyingine Ki-67, huonekana kama moja. Panda na kushuka kwa fokasi kabla ya kuamua, na kwenye mafungu mazito usihesabu isipokuwa seli yenyewe imejitenga wazi. Seli za tezi za kawaida hutoa p16 peke yake, nazo si chanya. Slaidi iliyokauka hewani kabla ya alkoholi haifai kabisa. Tena ni kipimo cha kuchuja, kwa hiyo chanya yake haiandikwi CIN yoyote.

Kwa wiki hii: bloku ya tezi itoke leo na mgonjwa wake atafutwe. LEEP ya dada isimamishwe mpaka H&E isomwe tena, na ripoti yake irekebishwe iwe na sentensi inayosema p16 haikubadilisha daraja. Bloku ya mama ikatwe vipande vitatu vya kufuatana, H&E, p16, Ki-67, na limfositi ziangaliwe kabla ya epithelia. Kwenye fomu ya kuagiza p16 ongezeni mstari mmoja wa lazima: "Unasita kati ya nini na nini?" Fomu ikirudi na mstari huo mtupu, usipake.

Wana safu